Shida inaanzia risepsheni

Watu wakiongelea shida za mashoga, wasagaji, transi (wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa) na huntha (waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja) wanakimbilia sheria, na kweli sheria zinaumiza, kuna nchi mtu anafungwa kisa tu anayempenda. Ila mi leo naomba tuongelee risepsheni ya hospitali.

Transi kafika anaumwa, katoa kitambulisho, jina la kike ila mwenye nalo ana ndevu. Mhudumu anakiangalia, anamwangalia, anamwita mwenzake naye aje aone, halafu baadaye jina linaitwa kwa sauti na foleni nzima inageuka. Huyo anaondoka na ugonjwa wake, akija kurudi hali imeshakuwa mbaya. Na hapo hakuna sheria iliyomfukuza jamani, kafukuzwa na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kazi hiyo inafanywaje.

Kompyuta nazo zina yake. Mwanaume transi ambaye bado ana kizazi anatakiwa apimwe saratani ya shingo ya kizazi kama mwingine yeyote mwenye kizazi, sasa faili likishaandikwa ME kuna mifumo haimkumbushi tena, yani anasahaulika hivi hivi.

Na msiniambie sayansi bado haijaamua kama huu ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliyatoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na toleo la 11 la orodha hiyo, lililopitishwa 2019, likauondoa utransi kwenye magonjwa ya akili. Argentina tangu 2012 mtu mzima anabadili jina na jinsia kwenye kitambulisho bila hakimu wala cheti cha daktari. Kwahiyo inawezekana kabisa.

Ninachokitaka si semina ya siku moja watu wakapige picha na cheti. Fomu iwe na nafasi ya jina analolitumia mtu, foleni iitwe kwa namba, taarifa zake azione anayemtibu tu, na mzazi aliyezaa mtoto huntha apate mshauri kabla hajasainishwa upasuaji ambao mara nyingi hauna hata haraka. Shuleni na kazini ni hivyo hivyo, sera iandikwe na ijulikane nani anawajibika.

Halafu malalamiko. Kuna sehemu fomu ya kulalamika unamrudishia yule yule wa kaunta aliyekudhalilisha, sasa hapo nani ataijaza? Apokee mtu mwingine kabisa, nje ya kile kitengo, na jibu litoke kwa maandishi.