Mjusi Mwenye Ndevu Aliyetetemeka Miguu: Jinsi Nilivyotatua

Mjusi ninayemfuga hapa Tanga, wa ile jamii ya Australia yenye ndevu za miiba, alianza kutetemeka vidole vya miguu ya nyuma, akawa anaburura tumbo na kukataa panzi. Kumwongezea majani mabichi hakukusaidia, wala unga wa kalsiamu.

Daktari wa mifugo alimpa kalsiamu ya kunywa, kisha akauliza jua linamfikiaje. Kizimba chake kilikaa nyuma ya dirisha, penye mwanga tele. Lakini kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya urujuanimno aina ya B (UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho), ambayo ngozi huihitaji ili kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ipasavyo, hata akilishwa kwa wingi.

Nilimtengenezea tundu la wavu wa waya, nikaliweka uani kwenye jua la asubuhi, na nusu yake nikaiezeka makuti, kwa maana mjusi asiye na kivuli huweza kufa kwa joto. Hilo la kivuli nalisisitiza sana. Taa yake ya urujuanimno nayo niliifunga ndani ya kizimba, pasiwe na kioo wala plastiki katikati.

Mtetemo ulipungua taratibu hadi ukaisha. Sasa anainua tumbo anapotembea, na panzi huwakimbiza mwenyewe.