Siku moja na panya weusi: chumba cha wanyama, Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nashuka matatu Kondele na kuingia maabara yetu ya utafiti wa saratani ya kibofu cha mkojo kabla ya wenzangu. Chumba cha wanyama hakijui Jumapili wala sikukuu. Chai itangoja, kwanza nasoma kipimajoto. Joto la Kisumu likipanda panya hunywa zaidi, na katika kazi yetu maji ndiyo dozi.

Saa moja. Glavu mbili kila mkono, barakoa, koti la kutupwa. Panya hawa weusi wa ukoo wa C57BL/6 wananywa maji yenye BBN, asilimia 0.05. BBN ni kemikali tunayoitumia kuwapa saratani ya kibofu; ni nitrosamini, jamii ya kemikali ambazo zimo pia katika moshi wa tumbaku. Ini huibadilisha, figo huitoa, kisha mkojo unakaa nayo kibofuni saa baada ya saa. Ndiyo maana uvimbe huota hapo. Chupa ni za kahawia kwa sababu mwanga huiharibu. Maranda yaliyolowa mkojo nayo hayaendi jalalani, yanateketezwa. Hilo namkumbusha kila mara mwanafunzi wetu wa uzamili, kwa sababu wengi huogopa chupa wakasahau kizimba.

Saa mbili na nusu, mizani. Hapa sikubali kuharakishwa na mtu. Dume mmoja aliyekuwa gramu 30 leo ana 24. Manyoya yamesimama, mgongo umepinda, na kwenye karatasi nyeupe niliyomweka ameacha tone la mkojo wenye damu. Itifaki yetu inasema akipoteza asilimia 20 ya uzito, hangojwi. Namwita daktari wa mifugo, tunamlaza kwa dawa ya usingizi na haamki tena. Nimewahi kusikia watu wakiomba wiki moja zaidi ili uvimbe ukue. Napinga kabisa. Mnyama aliyeacha kula kwa maumivu kinga yake imevurugika, na sisi tunataka kuisoma kinga hiyo hiyo.

Saa nne. Kibofu kitupu cha panya mzima ni kidogo kama punje ya ndengu. Hiki cha dume yule kimevimba mara kadhaa, ukuta wake mgumu, mweupe upande mmoja. Kinaingia kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze.

Mchana ni ugali na omena, basi.

Saa nane mwanafunzi ananijia na daftari. “Madam, mbona tusitumie kichocho chenyewe? Si tuko kando ya ziwa?”

Swali hilo lilinifurahisha sana. Nikamwambia kichocho cha ziwa letu hasa ni Schistosoma mansoni, ambacho huumiza matumbo na ini. Kile cha kibofu, Schistosoma haematobium, kinasumbua zaidi Pwani, kama Kwale na Tana River, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilikiweka mwaka 1994 kati ya visababishi vya saratani visivyo na shaka. Taabu ni kwamba ndani ya panya minyoo hiyo haipendi kukaa kwenye mishipa ya kibofu kama inavyofanya kwa binadamu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walieleza njia ya kuyadunga mayai ya minyoo hiyo moja kwa moja kwenye ukuta wa kibofu cha panya. Wakapata vinundu, utando ulionenepa na seli zilizoanza kubadilika, lakini saratani kamili haikutokea.

“Kwa hiyo BBN ni bora?”

Kwa saratani inayofanana na ya mvutaji sigara, ndiyo, maana uvimbe wake hupenya hadi kwenye msuli wa kibofu. Kwa mtu wa Kwale aliyekojoa damu tangu utotoni, modeli hii peke yake haitoshi. Nikamwambia aandike swali lake kwanza, ndipo achague mnyama.

Saa tisa na nusu, mikroskopu. Slaidi ni za panya wa awali, zimepakwa rangi za hematoksilini na eosini. Mwanafunzi anaona mwenyewe seli za zambarau zikijipenyeza katikati ya nyuzi za waridi za msuli, ananyamaza kidogo, kisha anaomba kuangalia tena.

Saa kumi na moja jioni tunajaza fomu ya kamati ya maadili. Tunaomba kutumia altrasaundi, ili panya yule yule afuatiliwe uvimbe ukikua badala ya kuua kundi jipya kila hatua. Wanyama watapungua sana. Mwanafunzi ataandika sehemu ya minyoo, mimi ya dozi na maji.