Jersika, mji wa Mfalme Visvaldis

Nchini Latvia, treni ya kutoka Riga kwenda Daugavpils huandamana na mto Daugava kwa sehemu kubwa ya njia. Nilikaa dirishani upande wa kulia, macho majini. Tukapita Koknese, ambako Mfalme Vetseke aliitia moto ngome yake mwenyewe mwaka 1208 ili isiangukie mikononi mwa wapiganaji wa msalaba wa Kijerumani. Tukapita Līvāni. Nikashuka Jersika.

Ngome ya Jersika, makao ya Mfalme Visvaldis, leo ni kilima cha udongo ukingoni mwa mto, chenye miteremko mikali na majani juu. Hakuna ukuta wala mnara, kwa sababu Walatgali, watu wa kale wa eneo hili, walijenga kwa magogo. Lakini ukisimama juu unaelewa mara moja kwa nini walipachagua: mashua zote zilizopanda kwenda mji wa Polotsk, upande wa mashariki, au kushuka kwenda baharini zilipita chini ya macho yao. Biashara hiyo ndiyo iliyoitajirisha Jersika, na kutoka mashariki ukaja pia Ukristo wa Kiorthodoksi.

Mwaka 1209 Askofu Albert wa Riga alikuja na jeshi. Sababu aliyoitoa ni kwamba Visvaldis alishirikiana na Walithuania, ambao walikuwa bado wapagani. Na kweli, mkewe alikuwa binti wa Daugerutis, mkuu wa Kilithuania. Mimi naona mto ulikuwa sababu kubwa zaidi. Wavamizi hao waliobeba msalaba waling'oa kengele na sanamu takatifu za makanisa ya Wakristo wenzao, wakamteka malkia, kisha wakauchoma mji. Visvaldis alikuwa ameshavuka mto. Henry wa Livonia, padri aliyeandika habari za vita hivyo akiwa upande wa askofu, anasimulia jinsi mfalme alivyoutazama moto kutoka ng'ambo akiomboleza urithi wa baba zake. Nilipoutazama ukingo ule wa pili, nilimhurumia sana.

Ili arudishiwe mkewe na mateka wengine, alikwenda Riga akaikabidhi nchi yake kwa askofu, kisha akapewa tena sehemu ya nchi hiyo aitawale chini ya askofu, pamoja na bendera tatu kama ishara ya kukabidhiwa. Hati ya makubaliano hayo inamwita mfalme wa Jersika. Hata hivyo hakuachwa kwa amani: mji ulivamiwa tena mwaka 1214, na mwaka uliofuata pia.