Majilio niliyopitia na Luka sura ya kwanza

Wapendwa, hii naandikia yule ambaye Desemba inamkuta na nyumba iliyopungukiwa mtu. Mimi niko Kisumu, upande wa Manyatta, na ile Majilio (wiki za kungojea Krismasi) ya kwanza baada ya mume wangu kufariki sikutaka hata kusikia habari ya Krismasi. Watu wanapanga ushago, matatu zimepandisha nauli, mimi kuomba tu nimeshindwa, napiga magoti na maneno hayatoki.

Najua wengi husoma Injili ya Luka sura moja kila siku, 1 Desemba mpaka 24, vile sura ziko 24. Ni njia nzuri sana lakini mimi nguvu hiyo sikuwa nayo. Nikashika sura ya kwanza peke yake, nayo ni ndefu, aya 80, nasoma usiku watoto wakishalala na nikifika pahali pamenigusa nafunga Biblia hapo hapo.

Zakaria ndiye alinishika. Kuhani mzima, yuko hekaluni anafukiza uvumba, malaika Gabrieli anamwambia usiogope, mke wako atakuzalia mtoto, na bado anauliza nitajuaje na mimi ni mzee. Akawa bubu mpaka siku ya kumpa mtoto jina, ikabidi aombe kibao aandike Yohana. Jamani, hapo nilikaa siku nyingi. Kumbe mtu anaweza kukosa maneno miezi yote hiyo na ahadi ya Mungu inaendelea kukua ndani ya nyumba yake, haimngoji apate sauti kwanza! Nikaanza kukaa kimya mbele za Mungu bila kujilaumu, na usingizi ukarudi.

Furaha nayo ililetwa na jirani. Ilikuwa wiki ya Jumapili ya tatu ya Majilio, ile padre anavaa rangi ya waridi, akaingia jikoni kwangu na omena zake tukachambua pamoja tukiongea mpaka chai ikapoa, tukacheka kweli kweli. Maria naye hakutuma salamu kwa Elisabeti mke wa Zakaria, alifunga safari mpaka milimani akakaa huko kama miezi mitatu.

Halafu nikasoma mbele kidogo, sura ya pili, nikamkuta Ana binti Fanueli. Aliishi na mumewe miaka 7 pekee akabaki mjane, sasa ana 84, na huyo ndiye anawaambia habari za mtoto Yesu wote waliokuwa wakingojea ukombozi wa Yerusalemu. Mjane, na amepewa kazi! Niliisoma hiyo aya nikalia, halafu nikampigia mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa nikamwambia wajane wetu niachie mimi.

Tangu hapo kila Majilio tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu, tunaanza na Zakaria, na asiye na maneno hatumwambii aombe kwa sauti, anashika Biblia tu wengine wakisoma.