Siku moja maishani mwangu: natengeneza programu ya kupima mawazo ya biashara

Saa 11:30 alfajiri

Kimara ukichelewa kuamka, foleni ya mwendokasi inakumaliza. Kabla ya kuoga nawasha simu nione toleo jipya la programu yetu, maana leo kuna kikundi cha kina mama Manzese watakaolishika kwa mara ya kwanza. Natumia simu kwa makusudi. Wengi wa tunaowatengenezea hawana kompyuta, kwa hiyo kila ukurasa naupima kwanza kwenye Android ya bei ndogo, kwa bando la kawaida. Ukurasa ukisuasua hapa, kwa mama aliye na MB chache hautafunguka kabisa.

Programu inafunguka kwenye kivinjari, hakuna cha kupakua. Mwenye wazo la biashara anajibu maswali: utauza nini, kwa bei gani, kila kimoja kinakugharimu kiasi gani, pango ni ngapi, utauza siku ngapi kwa mwezi. Mwishoni anapata majibu matatu. Auze vingapi kwa siku ili pesa irudi. Awe na kiasi gani mkononi kabla ya mteja wa kwanza. Na katika namba alizojaza, ipi ikiyumba kidogo tu inaiangusha biashara yote.

Saa 1:20 asubuhi

Nashuka Shekilango, napanda bajaji hadi ofisini Sinza. Chai na chapati mbili.

Saa 2:00 asubuhi

Saa hizi ofisi imetulia, ndipo ninapofanya kazi ya hesabu. Tunatumia lugha ya Python na zana yake ya kujengea tovuti, Django, na data inakaa PostgreSQL, yaani hifadhidata. Sheria ya kwanza ya msimbo wetu, yaani maandishi ya programu, ni kwamba shilingi huhifadhiwa kama namba kamili, bila desimali. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 inakurudishia 0.30000000000000004, kwa sababu desimali nyingi haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa mfumo wa mbili (wa 0 na 1) unaotumiwa na mashine. Kwenye hesabu moja hutaona kitu. Kwenye mfululizo wa miezi 12 yenye migawanyo ndani yake, jumla zikikadiriwa hadi shilingi kamili zinaweza kutofautiana, na mtumiaji aliyekokotoa kwa kalamu akiona tofauti hiyo, hatakuamini tena.

Asubuhi hii nashughulikia mtu ambaye bei yake ya kuuzia ni sawa na gharama ya bidhaa, au iko chini yake. Hesabu yetu inagawa gharama za mwezi kwa kile kinachobaki kwenye kila bidhaa. Kikibaki sifuri, mashine inagoma kugawa. Kikiwa chini ya sifuri, inaleta jibu kama "uza glasi -300", jambo lisilo na maana kwa binadamu. Sasa programu inasimama hapo na kumwambia mtu kwa maneno: kwa bei hii, kila unachouza kinakuongezea hasara, na kuuza zaidi hakutakuokoa. Wapo wanaoingia kwenye biashara wakiamini wingi wa wateja utaziba pengo la bei. Sentensi hiyo naiandika na kuifuta mara kadhaa mpaka iwe fupi na isiyomkaripia mtu.

Saa 3:15 asubuhi

Kikao. Mwenzetu wa usanifu anataka tuoneshe alama: wazo lako limepata 78 kwa 100. Hoja yake ina nguvu, watu wanapenda alama na wanazituma kwa marafiki. Naandika ubaoni mawazo mawili. La kwanza lina 8 kwa soko na 4 kwa urahisi wa mtaji. La pili lina 5 kwa soko na 8 kwa mtaji. Soko likipewa uzito wa asilimia 60, la kwanza linashinda kwa 6.4 dhidi ya 6.2. Uzito ukigawanywa nusu kwa nusu, la pili linashinda kwa 6.5 dhidi ya 6. Mawazo ni yale yale. Kilichobadilika ni maoni yangu mimi niliyekaa Sinza kuhusu kipi kina uzito. Mtu hawezi kuacha kazi au kuuza kiwanja cha urithi kwa sababu ya maoni yangu yaliyovishwa joho la hesabu.

Tunakubaliana: alama haitakuwepo. Mwenzangu anabaki na kazi ngumu zaidi, ya kuufanya ukurasa wa majibu uvutie bila alama.

Saa 4:30 asubuhi

Manzese, kibarazani kwa mmoja wa wanakikundi. Wanaandaa andiko la mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, lakini andiko linataka namba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vuta kiti, tuoneshe hicho kidude."

Wazo lao ni juisi ya miwa karibu na kituo cha daladala. Namkabidhi mwenyekiti simu, nami nakaa pembeni nisimguse mkono. Glasi moja 1,000. Miwa, ndimu, tangawizi, barafu na glasi yenyewe ni 400, kwa hiyo inabaki 600. Kwa mwezi, pango 150,000, kijana wa kukamua 180,000, mafuta ya mashine na usafi 60,000. Jumla 390,000. Siku za kuuza 26. Jibu linatokea: glasi 25 kwa siku. Wanacheka kwa furaha. Hizo si zinaisha kabla ya adhuhuri?

Swali linalofuata kwenye skrini: *Wewe mwenyewe utajilipa shilingi ngapi kwa mwezi?*

Mwenyekiti ananitazama. "Mwanangu, mimi si ndiye mwenye mashine? Nitakula humo humo."

Hapa ndipo programu yetu inapopata thamani yake, na ningeweza kuufuta ukurasa mwingine wowote kabla ya kugusa swali hili. Wengi tunaokutana nao hawajihesabu. Unga, nauli na ada za watoto vinatoka kwenye sanduku lile lile la mauzo, taratibu, na siku pesa ya miwa inapokosekana anaonekana kijana wa kukamua ndiye mwizi. Wanajadiliana wenyewe. Wawili ndio watakaoshinda pale kibandani, wagawane 300,000. Mwenyekiti anajaza. Glasi 45.

Swali la mkopo: mashine 1,800,000, wanataka kurejesha kwa miezi 12, yaani 150,000 kila mwezi. Glasi 54.

Swali la msimu. Machi hadi Mei ni masika, na juisi baridi haina mteja kwenye mvua. Wanakadiria siku 18 za kuuza kwa mwezi. Glasi 78.

Hakuna anayecheka sasa, lakini hakuna aliyekata tamaa pia. Mmoja anasema wakati wa mvua waweke chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga pale pale, pango si limeshalipwa? Mwingine anauliza kama halmashauri itakubali marejesho yaanze baada ya masika. Wa tatu, aliyekuwa kimya muda wote, anasema kesho atamtuma mjukuu wake akae kituoni tangu saa tatu hadi saa kumi, ahesabu glasi zinazonunuliwa kwa muuza juisi aliyepo tayari. Naandika yote kwenye daftari. Alama ya 78 kwa 100 isingezaa hata moja ya hoja hizi.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage kwa mama lishe, kisha ofisini.

Saa 8:15 mchana

Kodi. Glasi 54 kwa siku ni mauzo ya takriban milioni 16.8 kwa mwaka. Kama biashara ingekuwa ya mtu binafsi, mauzo yasiyozidi milioni 4 yangemweka nje ya kodi ya makadirio, ile ya wafanyabiashara wadogo inayokadiriwa kwa mauzo. Kwa milioni 16.8 yumo ndani. Kwa hiyo programu inapaswa kumuonya mapema, aitenge pesa hiyo kabla hajaila. Viwango hivi havikai ndani ya msimbo. Vinakaa kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika, kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na inaweza kubadili chochote. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Makadirio aliyoyahifadhi mtu kabla ya hapo lazima yabaki na kiwango cha wakati wake.

Saa 9:40 alasiri

Nasoma majibu ya wanaojaribu programu mtandaoni. Kwenye swali la wateja, wengi wanaandika hivi: Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, nikipata asilimia 1 tu nimetoka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar, na asilimia 1 yao ni watu 53,837. Hakuna genge la Mbagala linalohudumia watu hao. Asilimia moja inasikika ndogo, ndiyo maana inadanganya. Swali hilo naliondoa. Badala yake: ni nani hasa atakayenunua, atapita saa ngapi, na je, umeshawahi kuhesabu? Anayejibu "bado" anapewa karatasi ya kuhesabia, ya kuchapisha au kunakili kwenye daftari.

Saa 10:45 jioni

Ukurasa wa namba inayoyumba. Naujaribu kwa kuku wa nyama 100, kwa bei alizojaza mtumiaji mmoja. Vifaranga 180,000. Chakula mifuko 7 kwa 80,000, jumla 560,000. Chanjo na dawa 40,000, maranda na mkaa 50,000. Gharama yote 830,000. Kuku wote 100 wakifika sokoni kwa 9,000, faida ni 70,000. Wakifa watano, inabaki 25,000. Wakifa watano na chakula kikapanda asilimia 10, hiyo ni hasara ya 31,000. Kwa hiyo chakula kinapanda juu kabisa ya skrini kwa rangi nzito, na chini yake programu inauliza: ukinunua chakula kwa jumla pamoja na wafugaji wenzako, mfuko unashuka hadi bei gani? Anajaza hapo hapo na faida inajikokotoa upya.

Saa 12:10 jioni

La mwisho kabla ya kufunga ni usiri. Mtu akituandikia wazo lake ametuamini, na wengi wanaogopa kuibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana tukusanye tu tunachokihitaji. Tumeamua hesabu zote zikae kwenye simu ya mtumiaji mpaka yeye mwenyewe achague kuzituma, na kitufe cha kufuta kiwe kwenye ukurasa wa kwanza. Nakijaribu mara mbili, nahakikisha kinafuta kweli, kisha napakia toleo kwenye seva likiwa na swali jipya la Manzese: biashara hii ikilala wakati wa mvua, pango hilo hilo litauza nini?