Aramco iliingia kupitia mlango wa wanaume

Machi 2023, akiwa Kigali, rais wa FIFA Gianni Infantino alisema mazungumzo na Visit Saudi, chapa ya utalii ya Saudi Arabia, kuhusu kudhamini Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka huo hayakuzaa mkataba. Wenyeji, Australia na New Zealand, walikuwa wamelalamika hadharani.

Aprili 2024 FIFA ikasaini mkataba wa udhamini na Aramco, kampuni ya mafuta ambayo sehemu kubwa ni mali ya serikali ya Saudi Arabia. Angalia kifurushi chenyewe: kombe la wanaume la 2026 na la wanawake la 2027 nchini Brazil yamo katika mkataba mmoja. Ukigusa moja umegusa yote (ujanja wa kibiashara, huo).

Oktoba mwaka huo, wachezaji wanawake wa soka zaidi ya 100 waliiandikia FIFA barua kupinga, wakitaja haki za wanawake, za wapenzi wa jinsia moja, na mazingira. Walidai mkataba uvunjwe, na iundwe kamati ya kukagua wadhamini, yenye wachezaji ndani.