Nilivyozizoea dawa za nusukaputi kwa kuuliza zinatokaje mwilini

Masomo ya nusukaputi hayamwangushi mtu kwa mashine wala mirija, humwangusha kwa majina. Suksamethoniamu, atrakuriamu, vekuroniamu, pankuroniamu, zote za kulegeza misuli. Hujapumua, zikaja za maumivu: mofini, pethidini na fentanili. Nilirudi Lamu kwa mafunzo ya kazini nikiwa nimeyakariri yote, lakini mbele ya troli ya dawa mkono ulikuwa mzito.

Aliyenifungua akili ni bi mmoja wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, mtu wa Langoni, aliyezeekea kazini. "Mwanangu," akaniambia, "mgeni usimshike jina tu. Muulize ataondoka na chombo gani."

Basi daftari nikalipanga upya kwa swali hilo.

Suksa, kama tuiitavyo, huvunjwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya damu yenyewe, ndiyo maana haikai. Kwa dakika 1 hivi mgonjwa keshalegea, na baada ya dakika 5 hadi 10 anaanza tena kuvuta pumzi. Hujifanya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamrisha msuli. Huusisimua kwanza, kisha huukatia amri. Niliinama kuitazama ikifanya kazi: kope zilichezacheza, kisha mashavu, mabega, mtetemo ukateremka hadi vidole vya miguu, mwili ukatulia tuli. Wapo wanaozaliwa na kimeng'enya hicho dhaifu. Hao hukaa muda mrefu wakipumuliwa na mashine, na kwa sura huwezi kuwatambua.

Atrakuriamu haisisimui, huziba tu mlango wa kipokezi, pale msuli unapoipokea asetilikolini. Raha yake ni kwamba kwa sehemu kubwa huvunjika yenyewe kwa joto na hali ya damu, bila kungoja ini wala figo.

Hilo nililielewa sawasawa tulipoletewa mzee kutoka Pate, figo zake zimechoka, na tumbo lapaswa kufunguliwa. Operesheni ilikuwa ya kupangwa na hajala tangu usiku, kwa hiyo hapakuwa na hofu ya chakula kupanda na kuingia mapafuni, wala sababu ya kukimbilia suksa kwa haraka yake. Tena suksa hupandisha potasiamu ya damu kwa takriban nusu milimoli kwa lita. Kwa mwenye afya si kitu, ila yake ilikuwa juu tayari. Pankuroniamu hutegemea figo kutoka. Ikabaki atrakuriamu.

Mofini nayo ilikuwa na mtego wake. Ini huigeuza, na sehemu ya kinachopatikana bado ina nguvu ya mofini, tena hutoka kwa figo. Mzee angeweza kuondoka thieta yu macho, halafu wodini usiku pumzi zikapungua polepole. Tukachagua fentanili, ambayo ini huivunja ikawa kitu kisicho na makali. Lakini nguvu yake ni mara 100 hivi ya mofini, na kipimo chake ni maikrogramu. Hapo mimi huisoma ampuli, kichupa cha dawa, kwa sauti, nichekwe nisichekwe.

Kabla hatujaanza mzee aliuliza, "Mwanangu, hiyo ya kulegeza ndiyo ya usingizi?"

"La, baba. Ya kulegeza hailazi wala haitulizi maumivu. Usingizi una dawa yake, maumivu yana dawa yake. Utalala kwanza."

Mwishoni tulingoja hadi misuli ilipoanza kurudi, ndipo tukampa neostigimini ili asetilikolini yake iongezeke na kuisukuma atrakuriamu kando. Neostigimini hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo huenda pamoja na atropini. Mrija wa kupumulia hatukuutoa mpaka alipoinua kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia sekunde 5.

Jambo jingine ni friji. Suksa na atrakuriamu huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa joto la kwetu umeme ukikatika nguvu yao huanza kupungua. Ampuli ikitoka friji naiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na anayepokea zamu namwonyesha kabla sijavua gauni.